Ushuhuda wa Kabibi

Jina la Mwalimu Chengo lilipotajwa, ukumbi mzima wa hoteli ulisimama kupiga makofi. Kabibi alibaki kitini, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu anayeogopa kuporwa.

"Simama basi, mama," Hope, mwalimu wake wa ngumbaru, akamnong'oneza. "Watu wanatuangalia."

"Na watuangalie."

Walikaa safu ya nyuma kabisa. Kule mbele, Chengo aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu huku akiivutavuta kola ya shati. Kola ile ilimbana; Kabibi alijua ilimbana. Hafla ya tuzo za vitabu ya Malindi ilikuwa yake mwaka huu: mzee aliyefungua vituo kumi na viwili vya kuwafundisha watu wazima kusoma, kutoka Watamu hadi Magarini. Kumi na viwili, na Marafa, kijijini kwake mwenyewe, hata kimoja. Watu wa Marafa hawana hamu ya kusoma, ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa.

Kabibi alikuwa nayo hamu. Miaka miwili alipanda bodaboda kila Jumanne hadi Magarini kwa Hope, alikojiandikisha kwa jina lake la zamani, nyumbani ameaga kwamba anakwenda sokoni, akarudi na nyanya ili asiulizwe maswali. Siku alipoweza kusoma sentensi nzima bila kukwama, alifungua kopo kuukuu alimokuwa ameficha barua moja tu, akaisoma. Hakulia. Aliisoma tena, kisha akaitia mkobani.

Barua ilikuwa ya Nzai, mumewe wa ujanani, aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Taveta. Ilikuja kwa sanduku la posta la shule, na Mwalimu Chengo, kijana wakati ule, ndiye aliyemsomea. Alisoma polepole, kwa huruma: Nzai amepata mwanamke mwingine, asingojwe tena. Kabibi aliiomba ile karatasi, akapewa. Ingemdhuru nani mikononi mwa mtu asiyejua a wala be?

Miezi yote baada ya hapo Chengo alimletea unga na maneno ya kumliwaza. Kijiji kizima kilimsifu. Mwaka uliofuata habari zikafika kwamba Nzai amefariki huko huko Taveta. Kabibi hakwenda kumzika. Alikataa hata kumlilia.

"Na sasa, mabibi na mabwana," akatangaza Bi. Sahla, msimamizi wa shughuli, "kabla Mwalimu hajakabidhiwa tuzo yake, tusikie ushuhuda. Mwanafunzi wa kituo cha Magarini, Kabibi Nzai, atatusomea aya moja ya shukrani. Karibu, mama."

Hope akampa karatasi waliyoiandaa pamoja. Kabibi aliiacha kitini.

Alipanda jukwaani. Hakumtupia Chengo jicho. Akatoa barua mkobani, akaisogelea maikrofoni, akasoma kwa kufuatisha kidole:

"Kabibi mke wangu. Nimepata nyumba. Njoo tuishi pamoja. Nitakungoja stendi kila Jumamosi hadi ufike. Usikawie. Ni mimi, Nzai."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akaacha.

"Barua hii," Kabibi akasema, "mwalimu wenu alinisomea miaka thelathini na moja iliyopita. Aliniambia mume wangu amenitupa. Alinisomea maneno yasiyokuwamo! Mtu aliningoja mpaka akafa, nami huku namlaani! Haya, mpeni tuzo. Mpeni, nione!"

Minong'ono ikazagaa. Simu zikainuliwa juu kupiga picha. Bi. Sahla akamgeukia Chengo, uso umesawijika.

"Mwalimu, unamfahamu mama huyu?"

Chengo alikuwa amesimama. Alitazama ukumbi, akatazama ile karatasi, akamtazama Kabibi kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Ni mke wangu," akasema. "Msimsikilize. Hajui kusoma."