Uzi Mwekundu wa Bilauri

Siku ya pili baada ya kutolewa mtoto wa jicho, Mzee Shekue aliketi dirishani, mahali pake pa siku zote. Daktari alikuwa amemweleza kwamba figo zikishachoka, macho nayo hayakawii kuingia ukungu. Aliitikia tu, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani.

Mkewe, Mwanamkuu, alimletea maji ya mchana. Bilauri ilikuwa imefungwa uzi mwekundu, na maji hayakutakiwa kuupita. Ndivyo walivyoagizwa kule hospitali alikokuwa akisafishwa damu, kwa kuwa figo zake hazikuweza tena kuyatoa maji mwilini. Kila alipofika miguu imevimba, muuguzi alimgombeza: "Baba, unakunywa kwa kuiba." Aliapa kwamba hajaonja tone la ziada. Hakuna aliyemwamini.

Kwa muda mrefu uzi ule alikuwa akiupapasa tu kwa kidole. Leo aliinua bilauri kwenye mwanga, akauona. Maji yalikuwa juu yake, vidole viwili.

"Mama Athumani," alisema polepole, "ndivyo unavyonitilia siku zote?"

Mwanamkuu alijifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu.

"Usiku unaramba midomo usingizini," alisema. "Mimi ndiye ninayelala ubavuni pako. Nasikia."

Mzee Shekue alimtazama usoni. Mkewe alikuwa amezeeka kuliko alivyomwona mara ya mwisho, kabla ya ukungu. Kisha akalifumba lile jicho jipya, akabaki ameishika bilauri, ukingo wake umegusa midomo.