Ubao wa Zamu Mbili

Niligonga ubao kwa fimbo, na watoto tisini wakapaza sauti: "Paka amelala! Paka ameamka! Paka anakunywa maziwa!"

Nilikuwa nimeupa ubao mgongo, mkono ukigonga wenyewe. Miguu iliniwaka moto, na koo lilikuwa limekauka kwa vumbi la chaki. Somo lilikuwa la jana. Nililiandika mwenyewe, na pembeni nikaweka "Usifute" kwa herufi kubwa.

Mlangoni alisimama mwalimu mkuu na wageni wawili wa wizarani.

"Si niliwaambia?" akawaambia kwa majivuno. "Wa huyu mama wanasoma kama maji!"

Wageni wakatabasamu, macho yao kwenye vinywa vya watoto. Nami nikageuka kutafuta mstari unaofuata.

Mwandiko haukuwa wangu. Mwenzangu wa zamu ya mchana, tunayegawana naye chumba, alikuwa amefuta kila kitu isipokuwa lile "Usifute" langu. Ubao mzima ulikuwa habari za mvua. Paka hakuwepo hata mmoja.

"Hongera, mwalimu," alisema mkuu. "Haya wageni, twendeni darasa la pili."

Ningenyamaza tu, wangeenda zao, nami ningekaa kitini kidogo.

"Mkuu, subirini kwanza," nikasema.

Nikaweka ncha ya fimbo chini ya neno "mvua", nikaiacha hapo.

"Wanangu, hapa pameandikwa nini?"

Darasa zima likaitikia kwa furaha: "Paka!"