Andika Hawezi

"Andika hawezi!" binti alimfokea mpimaji wa ulemavu aliyekuja nyumbani na fomu zake. "Mguu wa mama umekatwa juu ya goti, cherehani ataikanyagaje?"

"Kilichokatwa ni mguu, si ulimi," mama akasema.

"Mama, kazi yako ya ushonaji," mpimaji akauliza kwa upole, "huna shida nayo, unapata shida, au huwezi kabisa?"

"Kabisa!" binti akadakia. "Mnunuzi wa cherehani anakuja leo."

Mama alikuwa anautazama mfuko wa koti la mpimaji, umefumuka, unaning'inia kwa uzi mmoja.

"Kijana, vua koti."

Akajikongoja kwa magongo hadi kwenye cherehani, akaketi, akalipokea koti, akavua kandambili ya mguu uliobaki, akakanyaga. Sindano ikaanza kukimbia.

"Sasa andika napata shida," akasema bila kuinua kichwa. "Na huyo mnunuzi akija, alete suruali zake nimpunguzie."