Njiwa wa Ijumaa

Kibarazani, Insaf alikata jani la mshubiri, utomvu wa manjano ukamchuruzika kidoleni. Mmea huu, uliopandwa kwenye kopo la samli, ulikunywa maji mara moja kwa wiki mbili na haukumlilia mtu. Mumewe, miaka thelathini na minane na kitambi juu, hata kumchambua njiwa hakujua.

Kila Ijumaa mama mkwe wa Insaf alitoka mtaa wa Shubra, akapanda ghorofa tano na njiwa aliyejazwa mchele.

"Mkeo anakulisha upepo, roho yangu. Ona ulivyokonda!"

Jikoni, Insaf alimpaka njiwa ule utomvu, kama mama yake alivyojipaka titi siku ya kumwachisha yeye ziwa. Akampeleka mezani.

"Haya, aaam!" Mkwewe akamtia mwanawe mnofu mdomoni.

Bwana mzima uso ukamkunjamana, machozi yakamlengalenga. Insaf akangoja ateme.

Akameza.

"Tamu, mama. Mikono yako ibarikiwe."

Kisha akaachama tena.

Insaf akaenda kuuchukua mshubiri wake. Kingine cha kubeba humo ndani hakukiona.