Mkeka wa Mianzi

"Ruoxi! Usaili saa nne, na wewe bado umejinyoosha hapo kama samaki sokoni!"

Baba alinisimamia kichwani, ameshika viatu vyangu vya ofisini. Nje, jiji lote la Changsha liliungua kwa joto. Chini yangu mkeka wa mianzi ulikuwa baridi, raha tupu.

"Siendi, Baba. Kazi yenyewe ni asubuhi mpaka usiku, na mshahara hautoshi hata kodi ya chumba. Mwaka mzima naomba kazi. Sasa basi, nalala."

"Unalala! Mimi nimesimama kiwandani tangu hujazaliwa!"

"Ndiyo maana hujui utamu wake. Hebu jaribu."

Akajaribu, kwa hasira, ili kunikomoa tu. Alitupa viatu, akalala chali kando yangu, mikono imekakamaa ubavuni kama yuko kwenye gwaride.

Mara mgongo wake ukalia, ko, ko, ko, pingili moja baada ya nyingine. Akashusha pumzi ndefu ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Simu yake ikaita. Alikuwa msimamizi wa kiwanda. Baba yuko siku yake ya mapumziko, na bado wanamtaka zamu ya ziada. Baba akaitazama, kisha akaisukuma chini ya mkeka, ikabaki inatetemeka huko.

Mama akatokea jikoni na upawa. "Baba Ruoxi! Si nilikutuma umwamshe?"

Baba hakufumbua macho. "Njoo uone baridi hii, mke wangu."

Mama akasonya, akarudi jikoni. Tukasikia jiko likizimwa.

"Haya, sogeeni," akasema, akivua aproni. "Mimi nalala katikati."