Maji ya Mama Maria wa Mibuni

Jembe la kwanza la watu wa kampuni ya maji lilipiga ardhi karibu kabisa na miguu ya Bikira Maria, na Ngigi akageuka upesi.

Mahujaji hawakujali, waliendelea kuimba. Walikuwa wametoka Ruiru na Thika, wengine kwa miguu kutoka Kiandutu, wakapanga mitungi yao ya njano mbele ya pango na kungoja zamu. Vijana wa ovaroli wanaochimba kando hawakuwahusu. Walimhusu Ngigi. Yeye ni fundi wa mabomba, na alijua vizuri sana kilichofukiwa pale chini, kwa sababu alikifukia mwenyewe.

Pango hilo la Theta lilijengwa zamani na padri mmoja Mzungu mwenye ndevu, wakati huku kote kulikuwa mibuni mitupu. Maji yalitoka kwenye jiwe, na wachuma kahawa wakaja kwa mamia kumwomba Mama Maria wa Mibuni. Kisha chemchemi ikakauka. Mahujaji wakapotea, na padri aliyefuata akagundua kwamba barabara ile ina matope mengi mno kwa gari lake. Mbuzi wakahamia ndani. Mmoja wao alimvunja Bikira pua.

Aliyebaki ni Njambi, mama yake Ngigi. Kila Jumapili alienda pale na panga na rozari, akafukuza mbuzi kwa vyote viwili. Watoto walimcheka wakimwita mke wa sanamu. Moyo ulipoanza kumsumbua, na daktari akamwambia ajitayarishe, alimwita mwanawe.

"Ngigi, nataka nione hayo maji tena," alisema. "Nikishayaona, nitaenda bila kelele."

Ngigi hakuwa mtu wa sala. Mara ya mwisho kuungama ilikuwa kabla ya kipaimara, na hata siku hiyo alimdanganya padri. Lakini alimpenda mama yake kuliko kitu chochote duniani, na alijua kuna bomba la kampuni linalopita kando ya pango. Akalitoboa, akaunga mpira wa maji, akaupenyeza ndani ya ufa wa jiwe na kuufunika kwa saruji. Bomba lilikuwa kavu, hata kiatu hakikulowa. Alishukuru mgao wa maji kwa mara ya kwanza maishani mwake. Zamu ya upande wetu ikifika, alijiambia, yatakuja yenyewe.

Yakaja. Jumapili iliyofuata Njambi alipiga kelele iliyosikika mpaka barabarani.

Baada ya hapo mambo yalimpita Ngigi kimo. Watu walimiminika. Padri aligundua kwamba barabara si mbaya kiasi hicho, akaja na vipaza sauti vipya. Bikira alitengenezewa pua, kubwa kidogo kuliko ile ya kwanza. Fatu, mama wa Kiislamu mwenye duka la mitungi Thika mjini, alihamishia biashara getini akisema Maryamu ni wa wote. Na Njambi, aliyetakiwa kufa, alinunua filimbi na sasa ndiye aliyekuwa akipanga foleni. Alikuwa na furaha kiasi cha kumtia mwanawe hofu. Akijua ukweli, Ngigi aliwaza, moyo ule hautavumilia.

"Hawa wanachimba nini?" Ngigi alimuuliza Fatu, akijaribu kutabasamu.

"Wanasema ni mambo ya laini yao. Si waende Kiuu! Dada yangu huko hajaona maji wiki nzima, mifereji inatoa upepo tu. Huyu Mama Maria wenu ndiye peke yake hana mgao."

Ngigi alipangusa uso. Njambi alimwona kwa mbali, akamjia na kikombe.

"Mbona unatoa jasho hivyo, mwanangu? Kunywa. Ni ya Mama."

Akanywa. Angefanya nini? Mama yake alirudi kwenye foleni akipuliza filimbi, na wakati huohuo jembe likagonga plastiki.

Msimamizi wa wachimbaji, mwanamke Mkamba aliyeitwa Kavindu, aliinama na kufuta udongo kwa mkono. Aliona bomba. Akauona mpira. Akaufuata kwa macho, polepole, mpaka kwenye ufa wa jiwe. Kisha akanyanyua kichwa na kufungua mdomo, na Ngigi akamfikia mbio kabla hajaita mtu.

"Madam, ni mimi," alinong'ona. "Ni mimi nilitoboa. Nipeleke polisi, nipeleke popote, nitaenda. Lakini usikate saa hii, tafadhali. Yule mwenye filimbi ni maitũ, mama yangu. Ni mgonjwa wa moyo. Akijua haya maji ni ya kuiba, atatuangukia hapa hapa."

Mtu mzima, fundi mwenye watoto, alikuwa akilia mbele ya shimo.

Kavindu alimtazama Ngigi. Akatazama pango, ambapo maji yalikuwa yakimwagika juu ya mtungi uliojaa na mwenyewe akihangaika kuuondoa. Akatazama tena bomba.

"Wewe ni fundi kweli?"

"Ndiyo, madam."

"Na haujawahi kufukua uangalie kazi yako?"

"Niliogopa kuonekana."

Kavindu aliushika mpira, akauvuta kwa nguvu moja ukachomoka. Ngigi alifumba macho, akikinga uso kwa mikono miwili.

"Fungua macho, bwana," Kavindu alisema. "Hii laini ilizikwa wakati wa kampeni, wakaacha hivyo. Leo ndiyo tumekuja kuiunganisha na maji."