Hesabu za Athanas

Mstari wa Tanzania ulipanda tena Jumanne asubuhi, na Maduhu akaamua kwenda kumwona mtu aliyekuwa akiupandisha.

Maduhu alifundisha hisabati Shinyanga mjini. Baada ya vipindi alijitolea katika mradi mmoja wa mtandaoni: mtu yeyote, popote duniani, aliweza kuleta takwimu za nchi yake, na mradi ukazichora kuwa grafu ya ugonjwa ule wa kupumua uliotanda dunia nzima. Nchi nyingi zilikuwa na mistari yake. Nchi ya Maduhu haikuwa na mstari.

Akatafuta wauguzi tisa wamtumie ujumbe kila asubuhi: wangapi wamefariki kwa kushindwa kupumua. Mwezi haukuisha, wanane wakaacha. Wengine waliogopa, wengine walichoka. Akabaki Athanas, muuguzi wa zahanati moja huko machimboni Mwakitolyo. Mstari wa nchi nzima ukawa umeshikwa na mtu mmoja.

Kila saa moja asubuhi simu ililia. "Leo wawili." "Leo wanne." Maduhu alijibu vilevile kila siku: "Shikamoo baba Athanas. Umeamkaje? Jitunze."

Hawakuwahi kuonana. Mwanzoni Athanas aliandika kirefu: umri wa marehemu, kitongoji, hata malalamiko kwamba barakoa zimekwisha. Tangu Februari alituma namba tu. Akipigiwa, hakupokea. Maduhu hakumlaumu. Mtu anayezika kila siku ataongea nini?

Sasa alikuwa na habari njema, na alitaka kumwambia ana kwa ana.

"Nipeleke kwa Athanas, yule muuguzi," alimwambia dereva wa bodaboda alipofika Mwakitolyo.

Dereva alimtazama. "Kwa Mama Mariana?"

"Kwa Athanas."

"Ndiko huko huko," alisema, akawasha pikipiki.

Mashine za karasha zilikuwa zikisaga mawe ya machimbo, na vumbi lake jeupe lilitanda hadi kwenye mapaa. Uani mwanamke mmoja alikuwa akianika michembe ya viazi vitamu.

"Shikamoo mama. Mimi ni Maduhu, natoka Shinyanga."

Ungo ulimteleza mkononi.

"Marahaba," alisema polepole. "Kumbe u kijana hivi."

Hakumkaribisha ndani. Alimpeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha kaburi. Saruji yake ilikwisha kupasuka. Tarehe iliyochorwa juu yake ilikuwa ya miezi mitano iliyopita.

Maduhu aliisoma mara mbili. Asubuhi ile ile simu yake ilikuwa imelia: "Leo sita."

"Ni wewe uliyekuwa unaniandikia?"

"Ni mimi. Tulipotoka kumzika mume wangu, simu yake ikalia. Nikasoma. Ulikuwa unamsalimia." Mama Mariana alipangusa vumbi kwenye saruji kwa kanga. "Hapa watu waliacha hata kumtaja, wakaogopa kupita njia hii. Wewe ukauliza ameamkaje. Nikajua nisipojibu, hutauliza tena."

Maduhu alimsogelea.

"Umeibeba kazi yake, mama. Na haikupotea. Shirika moja la misaada limeusoma mstari wetu, likaona vifo vyote vinatoka huku. Juzi mitungi yote ya oksijeni iliyokuwa wilaya jirani ya Kishapu ilihamishiwa huku."

"Kishapu?" Alisimama. "Kwani huko hawaumwi?"

"Wanaumwa. Wengi tu. Lakini huku ndiko mnakokufa zaidi."

Mama Mariana alimgeukia.

"Mwanangu," alisema, "tangu afe Athanas, huku hajafa mtu."